Tuzo Iliyochukua Jicho la Abti Yusuf

Makofi ya kwenye televisheni hunishtua hadi leo. Wanangu wakitazama sherehe za kutuza wanamuziki, ukumbi ukaanza kushangilia, mimi huinuka nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Wananicheka. Hawajui kwamba masikioni mwangu yale si makofi, ni mawe yanayoanguka juu ya mabati.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, naishi Garissa kwa Ayeyo, nyanya yangu mzaa mama. Mama alifariki nikiwa mchanga. Baba yangu, Abdi, mfanyabiashara wa ngamia, alioa tena huko Elwak, akaniacha mikononi mwa Yusuf, kaka yake Mama. Sisi mjomba tunamwita Abti. Abti Yusuf alikuwa fundi cherehani, mrefu, mpole kupita kiasi, mtu wa kuomba msamaha hata akikanyagwa yeye. Kati yake na Baba palikuwa na makubaliano membamba kama uzi: nitasoma Garissa mpaka Baba atakapoona vingine. Kila Baba alipokuja sokoni kuuza ngamia, nilijificha nyuma ya cherehani nikiogopa kwamba leo ndiyo siku ameona vingine.

Mwaka ule stesheni moja ya televisheni ilileta Garissa sherehe ya kuwatuza wanafunzi bora wa kwetu, moja kwa moja hewani, Jumamosi mchana. Mimi niliteuliwa kwa kughani mashairi ya Kiswahili. Mwalimu alinifanyisha mazoezi wiki tatu, karatasi mbele ya midomo. Nikisema "papai" na karatasi isitikisike, narudia, maana sisi Wasomali tukiachwa hivi hivi tutakula babai maisha yetu yote.

Sherehe yenyewe, jamani, ilikuwa na vituko. Ukumbi ulinuka poda, ubani na jasho. Mgeni rasmi alihutubia mpaka mpiga kamera akatafuta kiti. Msichana wa Eldas aliitwa jukwaani kupokea tuzo ya hisabati, akashangiliwa, akabusu tuzo, kisha wakagundua wamesoma jina lisilo lake. Alishuka mikono mitupu, analia nchi nzima ikimtazama. Nilimhurumia sana, bila kujua yangu yaja.

Nikaghani. Nilipomaliza watu walisimama, akina mama wakapiga vigelegele, nikakabidhiwa tuzo ya kioo juu ya kibao cha mbao, nzito hata nikaikumbatia kwa mikono miwili. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Mtangazaji, kijana wa Nairobi aliyebanwa na suti, aliniinamia na maikrofoni.

"Fardosa, leo umewamaliza! Sasa hebu waambie, wewe ni mtoto wa nani?"

Kwake lilikuwa swali la kupitisha muda. Kwetu mtoto hufundishwa majina ya baba, ya babu, ya baba wa babu, hata kumi na tano, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na akiulizwa ni wa nani, huyataja. Ya upande wa Baba niliyajua vizuri. Lakini kila jioni Ayeyo aliwafundisha wana wa Abti majina yao, nami niliketi katikati yao nikiimba pamoja nao. Nikatazama watu. Nikamwona Abti safu ya pili, anacheka huku machozi yanamtoka, na ulimi ukaanza na jina lake.

"Fardosa Yusuf..."

Majina yale, ukishataja la kwanza, mengine hufuata yenyewe. Niliyamaliza yote kwa fahari, mbele ya kamera. Akina mama walikuwa wakitazamana. Abti alikuwa amefumba macho.

Baba alikuwa sokoni, kwenye mkahawa, na wanaume wa ukoo wake, wote wakitazama. Niliambiwa baadaye kwamba mmoja wao alimwuliza, kwa mzaha, kama ana hakika yule mtoto ni wake.

Abti alinitoa ukumbini mapema, tukafika nyumbani kabla ya alasiri. Ayeyo alikuwa hajazima televisheni, sherehe ikiendelea, washindi wengine wakishangiliwa. Jiwe la kwanza lilipogonga mabati nilidhani ni makofi. La pili lilivunja dirisha. Kisha yakaja mfululizo.

"Toka nje, Yusuf!" ilikuwa sauti ya Baba. "Mtoto ni yangu! Umenifuta mbele ya Kenya mzima, hata bolisi wameona!"

Ndugu zake wawili waliupiga mlango mateke mpaka ukang'oka. Ayeyo aliwazuia kwa mwiko. Walimsukuma akaangukia jiko la makaa, mkono ukaungua, na mayowe yake nayasikia mpaka sasa. Abti alisimama mbele yangu, viganja wazi.

"Abdi, wallahi mtoto amesahau tu. Kaa, tuongee."

Baba alimpiga bakora ya shingo. Akampiga nyingine, na nyingine, mpaka bakora ikavunjika mgongoni mwake, na Abti hakurudisha. Ndugu mmoja wa Baba akanishika nywele akaniburuta kuelekea mlangoni. Nilimng'ata kidole hadi nikaonja damu. Alinizaba kofi, nikaona giza. Hapo Abti wangu mpole alichukua makasi ya kukatia vitambaa akamrukia, akamchana bega. Baba akanyakua tuzo yangu mezani, akampiga nayo usoni.

Kioo kilipasuka. Abti aliketi chini polepole, mkono jichoni, damu ikipita kati ya vidole ikidondokea gauni la bi harusi alilokuwa akilishona. Kwenye televisheni watu walikuwa wakipiga makofi. Baba alikitazama kile kibao mkononi mwake, akakiangusha, na majirani wakaingia.

Wazee wa koo zote mbili walikaa siku tatu uani kwa msikiti. Mimi nilikuwa nyuma ya mkeka na wanawake. Jicho kwetu lina fidia yake ya ngamia, na kila mtu anaijua. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyeanza kupiga.

"Ni mimi," alisema Abti, uso umefungwa bandeji. "Nilianza mimi, kwa makasi. Sidai ngamia hata mmoja."

Wanawake waliguna. Kisha wanaume walinong'ona muda mrefu, hatukusikia neno, wakasoma Fatiha wakatawanyika. Watoto wa jirani wakaimba kwamba mjomba wangu amegawa jicho bure, mimi nikaamini. Naandika haya kwa aibu: nilimwona mwoga na mwongo, na mwaka mzima sikumtazama usoni. Baba hakuja tena kwetu. Nilidhani amenisahau. Nikasoma, nikamaliza, nikawa mwalimu.

Miaka mingi baadaye nilisikia Baba anaumwa, nikaenda Elwak kumsalimia. Alikuwa amekonda, macho makubwa. Alinishika mkono.

"Fardosa, siku ile wazee walikuwa wanasema mtoto ni wa baba yake. Ningelipa ngamia na wewe ningechukua. Shule ingekuwa basi, ungechunga mbuzi hapa." Akapumzika. "Yusuf aliniambia, 'Abdi, ngamia baki nayo, heshima baki nayo, nitasema nilianza mimi. Niachie mtoto asome.' Na mimi nikakubali. Wallahi nikakubali. Jicho ile ilikuwa ya kwako."

Nililia njia nzima kurudi Garissa.

Abti bado anashona, ila uzi wanamtilia wanangu sindanoni. Kibao cha tuzo kinazuia mlango usifungwe na upepo. Hajawahi kuniambia lolote, nami nimeshindwa kuanza. Akija kwetu kutazama televisheni, wanangu hugombania kukaa kulia kwake, upande anaoona. Mimi husubiri makofi yaishe, natoka jikoni na mikono yenye maji, naketi kushoto. Upande ule ni wangu.