Sauti ya Mama Zuhura na auto gain iliyokuwa inamrudisha nyuma

Wakuu salaam. Wazee wa mixing, vijana wa bongo flava, na nyie mnaoingiaga jukwaa hili kupoteza muda tu kama mie, wote nawasalimu.

Hiki ninachoandika kimenipata mwenyewe, hapa hapa Dar, na wahusika wapo. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Asiyetaka kuamini na apite uzi wa pili, sitagombana naye.

Mie nina kastudio Madale, chumba cha nyuma ya nyumba. Wanaopajua Madale wanajua ule upepo wa mchana unaopanda kutoka bondeni. Unapita juu ya mabati taratibu, unaingia dirishani, na kama umeshiba basi tena, macho yanaanza kwenda yenyewe. Nusu ya kazi zangu nazifanyaga nikiwa katikati ya kuamka na kusinzia. Mke wangu anauita uvivu. Mie naona ni mahali pazuri pa kusikilizia.

Sasa pamoja na kumix, najua kidogo kuandika code. Nimejitengenezea kaplugin, kaprogramu kadogo ka kubandika kwenye software ya kumix, ka kung'arisha sauti, yaani kanapandisha yale masafa ya juu, zile sauti nyembamba na kali, ili mwimbaji asikike kama yupo mbele yako. Na ndani yake nikaweka auto gain.

Kwa wasiojua, hebu niwaeleze kidogo. Wanaojua rukeni.

Sikio la binadamu linapenda kelele. Ukiigusa sauti na plugin ikatoka kubwa zaidi kidogo, utasema "aah, imekuwa tamu", kumbe haijawa tamu, imekuwa kubwa tu. Ni kama kuonja chai mbili, moja umeiongeza sukari, halafu unataka kujua majani yapi ni mazuri. Hutajua. Auto gain kazi yake ni kuweka sukari sawa kwenye vikombe vyote: plugin ikiongeza kelele, yenyewe inapunguza kiasi hicho hicho mlangoni, pale sauti inapotokea, ili ukilinganisha kabla na baada uwe unasikia ukweli.

Basi. Turudi kwenye stori.

Akaja dada mmoja, tumwite Zuhura, kwao Chang'ombe, wazazi asili yao Lindi. Mama yake ni mwimbaji wa harusi. Si msanii wa kupanda jukwaani, hapana. Ni wale kina mama ambao bila wao shughuli ya wanawake haichangamki. Akianza yeye, wenzake wanaitikia, vigelegele vinapigwa, hata aliyekuja na huzuni yake anajikuta anacheza.

Mama alikuwa na uvimbe kooni. Anatakiwa afanyiwe operesheni, na daktari alishawaambia kwamba sauti inaweza isirudi kama ilivyokuwa. Halafu Zuhura mwenyewe ndiye anaolewa, na operesheni inatangulia harusi.

"Kaka," Zuhura akaniambia, "mama kaimba harusi za watoto wa watu wote pale mtaani. Ya kwangu asiimbe?"

Mie nikasema mlete.

Siku ya kurekodi mama akaja na wenzake. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha kile chumba kidogo cha sauti, peke yake, na headphone. Akachungulia, akanitazama kama nimemtukana.

"Nimwimbie mwanangu nikiwa nimefungiwa kabatini?"

"Mama, ni ili sauti itoke safi."

"Safi ya nini? Wimbo huu unaitikiwa. Nikisema neno nisipojibiwa, la pili sina."

Wenzake wakaangua kicheko. Ikabidi nitandike mkeka pale katikati ya studio, maiki moja mbele yake, wao wamemzunguka. Joto sasa! Nikaomba tuzime feni kwa sababu inapiga kelele kwenye maiki. Mmoja akasema, "Zima, halafu utubebe mmoja mmoja mpaka barabarani." Feni ikabaki.

Akaimba. Daah.

Sijui niwaambieje wakuu. Sauti yake ipo chini, nzito, haina haraka. Anasema mstari, ananyamaza, wenzake wanaitikia na vigelegele vinapanda mpaka darini, halafu yeye anarudi pale pale alipoachia kama hakuna kilichotokea. Pale kwenye kile kimya, kabla hajarudi, nilikuwa nahisi chumba kizima kimeshika pumzi. Nilisahau kuangalia meter, vile vipimo vya ukubwa wa sauti. Nilikuwa naota macho wazi.

Wiki iliyofuata akaenda hospitali. Operesheni ikaenda salama, alhamdulillah. Sauti ndiyo haikurudi. Ukimsemesha anajibu kwa mnong'ono, na kwa shida.

Kwa hiyo mwelewe hapo: hakuna kurekodi tena. Kilichopo kwenye computer yangu ndicho pekee kilichopo duniani.

Nikamix. Nikaweka kaplugin kangu, nikang'arisha vizuri, auto gain imewaka, meter zimetulia. Nikamtumia Zuhura.

Hakunijibu. Akaja mwenyewe mpaka Madale, amekaa kwenye kiti cha studio, kanga mapajani.

"Kaka, mama siku ile alikuwa ameshachoka eeh?"

"Kwa nini?"

"Kila anapoingia anaingia kinyonge. Halafu ndo anapata nguvu. Halafu tena kinyonge. Mama yangu hajawahi kuingia wimbo hivyo. Ugonjwa ulikuwa umeshamshika, sie tukamlazimisha aimbe."

Akaanza kulia, kimya kimya, ile ya mtu anayejilaumu. Nikamwambia hapana, mama alikuwa vizuri, nilikuwepo. Akaniuliza, mbona naisikia kwa masikio yangu? Nikacheza tena, na kweli, mama anaingia kama mtu anayeomba ruhusa.

Alipoondoka nilijisikia vibaya sana. Fikiria mtu anaenda kuolewa huku anaamini wimbo wa harusi yake ndiyo sauti ya mama yake ikizimika. Atausikiliza miaka yote na kila mara atajilaumu upya.

Mchana wa kesho yake nimekula ugali na mlenda, nikaacha wimbo unajirudia ndani, nikajilaza barazani kwenye mkeka. Upepo ule ule. Mabati yanalia polepole.

Nikasinzia, nikaota.

Niko kwenye nyumba nisiyoijua, imejaa mwanga. Mama Zuhura amesimama mlangoni, kavaa nguo za sherehe, anataka kuingia ukumbini. Kila anapotaka kuingia, kundi la wanawake linapita mbele yake likipiga vigelegele, na yeye anarudi hatua nyuma kuwapisha. Wakishapita anakuja tena taratibu, taratibu, akikaribia tu, kundi lingine hilo. Sura yake haijachoka hata kidogo. Anatabasamu. Anapisha tu.

Nikafumbua macho. Wimbo bado unaendelea ndani, nausikia kupitia dirishani, na nilichokuwa nakiona ndotoni ndicho nilichokuwa nakisikia. Vigelegele, mama anarudi nyuma. Vigelegele, mama anarudi nyuma.

Niliamka pale mkekani nikakimbia peku. Mke wangu akauliza kuna nyoka? Nikamwambia kuna auto gain. Akatikisa kichwa akaendelea kuanua nguo.

Nikafungua sauti mbichi, ile ambayo haijaguswa na kitu. Wakuu, mama anaingia imara mwanzo mpaka mwisho. Hakuna unyonge, hakuna kuchoka. Nilikaa pale nikacheka peke yangu na machozi yakanitoka, siwafichi.

Tatizo lilikuwa hivi. Plugin yangu inapandisha masafa ya juu. Vigelegele vinaishi huko juu, kwa hiyo plugin inavipandisha sana. Auto gain inaona kelele imezidi, inashusha kila kitu. Vigelegele vinaisha, mama anaingia na sauti yake nzito, ambayo plugin imeiongeza kidogo tu, lakini anakuta mlango bado umeshushwa. Auto gain inachukua muda kugundua kwamba waliopita wameshapita. Ndiyo maana anaingia chini halafu anapanda.

Na hata penye kimya haikuwa salama. Ule mvumo wa feni nao una masafa ya juu, nao ukipandishwa auto gain inashusha. Yaani mashine ilikuwa inapima kila kitu mle ndani isipokuwa mwimbaji mwenyewe.

Najua kuna mtu hapa anaandika "si ungeizima tu mkuu". Niliizima. Nikang'arisha, nikaona tamu, nikaongeza, nikaona tamu zaidi, kuja kusikiliza kwenye simu mama amekuwa mwembamba, ule uzito wote umeondoka. Bila kipimo cha haki sikio lilinidanganya tena. Nilikuwa naihitaji auto gain, ila inayojua inamsikiliza nani.

Nikakaa na code siku kadhaa. Kwanza nikaifanya isipime kabisa pale sauti inaposhuka chini ya kiwango fulani, ili kimya na feni visihesabiwe. Kisha nikaacha kupima kilele cha meter, nikapima ukubwa kwa namna sikio linavyosikia. Ikawa bora, lakini vigelegele bado vilikuwa vinaivuta.

Nikabishana nayo sana hiyo code. Nilikuwa nataka mashine ijue yenyewe. Mwisho nikajiuliza, kwani mie nilijuaje nani wa kumsikiliza siku ile? Nilijua kwa sababu Zuhura aliniambia huyu ni mama yangu.

Nikaweka kitufe kimoja. Unakishikilia pale mwimbaji wako anapoimba, plugin inalinganisha sauti yake ikiingia na ikitoka. Ukiachia, inashika tofauti ile na haiigusi tena wimbo mzima. Haikimbizani na kila anayepita. Nikakishikilia kwenye mistari ya mama peke yake, nikaachia, nikacheza wimbo.

Vigelegele vikapanda, vikashuka. Mama akaingia. Alikuwa pale pale.

Na kwa kuwa sasa nalinganisha kwa haki, nikagundua mng'ao aliouhitaji ulikuwa mdogo mno. Nikapunguza karibu wote.

Nikampigia Zuhura, nikamchezea mbichi na mix mpya, moja baada ya nyingine. Akasikiliza zote mbili mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo hakuwa amechoka."

"Hakuwa amechoka sista. Ni mashine yangu."

Akanitukana tusi dogo la upendo, siwezi kuliandika hapa, mods wa jukwaa watanifungia.

Harusi. Shughuli ya wanawake ilikuwa mchana nyumbani kwao Chang'ombe, turubai uani, mikeka, kina mama wamependeza. Mie nimekaa pembeni ukutani na mashine ya muziki, mwanaume pekee, nimeinamisha kichwa. Mama Zuhura amekaa mbele, mtandio umezunguka shingo. Watu wanamsalimia, yeye anaitikia kwa kichwa.

Zuhura akanipa ishara. Nikacheza.

Sauti ikatoka, ile nzito isiyo na haraka. Pale uani hata watoto walinyamaza. Mstari wa kwanza ukaisha, ikaja ile nafasi, na wale wenzake waliokuwa studio, wamekaa kwenye mkeka sasa, wakaitikia. Hawakusubiri mtu awaambie. Wakaitikia na kupiga vigelegele vya kweli juu ya vile vya kwenye spika, na wengine wote wakaungana nao.

Na mama akarudi, pale pale alipoachia.

Nikamwangalia. Alikuwa anafungua mdomo. Kila neno, pumzi kwa pumzi, sambamba na spika, mkono umeinuka kama anavyoongozaga siku zote. Ukikaa mbali usingejua kwamba sauti haitoki kwake. Zuhura na shela lake akaja akaketi chini, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, na mama akaendelea kumwimbia hivyo hivyo mpaka mwisho.

Mie nilikuwa nalia nyuma ya spika kama mtoto. Sioni aibu.

Wimbo ulipoisha mama akaniita kwa kidole. Nikapiga magoti mbele yake, nikasogeza sikio. Nilidhani atanishukuru.

Akanong'ona: "Rudia."

Nikarudia. Tukarudia mpaka jua likaanza kushuka na kina mama wakawa wamechoka kucheza, yeye bado.

Nilichojifunza wakuu: kabla hujasema mix ni tamu, sawazisha level, yaani ukubwa wa sauti, kwanza. Na auto gain isiyojua inampimia nani itamshusha yule yule uliyetaka asikike, huku meter zinakuonyesha kila kitu kipo shwari. Ichagulie mtu wako, ikishapata kipimo iambie itulie. Na kabla ya kusema mwimbaji alichoka, fungua kwanza sauti mbichi.

Nyie mnaotumia auto gain kwenye kwaya, kaswida, singeli, mnaiwekaje? Kuna aliyepata njia isiyohitaji kushika kitufe? Tiririkeni hapa chini, hata matusi ya kitaalamu nayapokea.

Na kama kuna mwenye sauti ya mama yake kwenye simu, hata sekunde chache tu za kumwita mtu aje kula, naomba asiifute.