Mama Funguo Mbele ya Tabernakulo

Mtaani walimwita Mama Funguo, na hata walimu wa binti zake pacha hawakulijua jina lake jingine. Kibanda chake kilikuwa kati ya duka la viatu na ngazi za benki, na upana wake haukuzidi kitanda cha mtu mmoja. Mezani palikuwa na jiliwa la kubania chuma, matupa ya kila ukubwa na mashine ya kuchongea, na ukutani funguo mbichi zilining'inia kama samaki wa kukaushwa. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na mazoea mawili. La kwanza, kitasa kikigoma alikisemesha. "Njoo mwanangu, acha ukaidi, mimi na wewe tumetoka mbali." La pili, mlango ukishafunguka alirudi nyuma hatua mbili na kugeuza uso, mwenye mali atangulie. Baba yake alimfunza kwamba fundi akichungulia kabati la mtu leo, kesho hana kazi.

Jumapili hakukosa Misa. Ila wakati wa komunyo, watu walipopanga mstari, yeye alibaki kwenye benchi la mwisho, akivuta magoti pembeni ili wenzake wapite. Yeye na mumewe, mwokaji mikate, walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa bila kufunga ndoa kanisani. Kizuizi cha kuoana hakikuwepo. Kila mwaka walisema mwakani, na mwakani ukifika nao unasema mwakani. Basi watu wakipita, yeye hufumba macho na kufanya komunyo ya tamaa, akimwomba Yesu aje moyoni maadamu mdomoni hawezi kumpokea. Wakati mwingine alitoka pale amefarijika. Wakati mwingine alitoka na njaa ileile.

Ijumaa moja, saa tatu asubuhi, msakristia, mtunza vyombo vya kanisa, alifika kibandani akihema, vifungo vya koti lake vimefungwa upande upande.

"Mama Funguo, beba vyombo twende. Ufunguo wa tabernakulo umevunjikia ndani."

"Umejaribu kuutoa?"

Msakristia aliangalia viatu vyake. "Kwa pini. Ukazidi kuingia."

"Asante kwa msaada," alisema Mama Funguo, na kuteremsha mlango wa kibanda.

Kanisani, paroko alikuwa amesimama mbele ya tabernakulo, kile kijisanduku cha kutunzia mkate wa komunyo, stola shingoni, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Alikuwa na haraka. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa amelazwa hospitali, hali yake haikuwa nzuri, na asubuhi ile alikuwa ameomba apelekewe komunyo.

"Nimepata wazo," alisema msakristia. "Tutumie tindo, tubomoe bawaba."

"Tindo kwenye mlango huu?" Mama Funguo alimtazama mpaka mzee wa watu akaketi. Kisha akaomba maji. Alinawa mikono kwenye chumba cha sakristia kwa sabuni, akainusa, akanawa tena. Mafuta ya mashine hayana adabu. Ukidhani yameondoka, yako chini ya kucha. Mara ya tatu msakristia alimwambia sabuni imekwisha.

Alipiga goti, akapanda ngazi ya altare na kutandaza kitambaa cheupe chini ya kitasa ili hata unga wa chuma usianguke ovyo. Akawasha kurunzi. Kipande cha ufunguo kilionekana kwa mbali, kimelala kama ulimi. Alichukua waya mwembamba wenye ncha iliyopinda na kuuingiza taratibu. Kipande kilicheza, kikateleza. Alijaribu tena, kikateleza tena. Jasho likamtoka, na kabla hajajizuia, mazoea yakamponyoka mdomoni.

"Njoo mwanangu, acha ukaidi."

Akanong'ona haraka, "Samahani, Bwana. Sikukusema wewe, nasema na kitasa."

Nyuma yake paroko alikohoa kwa namna ya mtu anayeficha kicheko.

Mara ya nne waya ulikamata. Alivuta polepole kama anayetoa mwiba kwenye kidole cha mtoto, na kipande kikadondoka kitambaani. Kisha kwa vijiti vyake viwili alizisukuma pini za ndani moja baada ya nyingine, akisikiliza kwa vidole, mpaka kitasa kikazunguka. Mlango ukaachia kiasi cha unene wa kucha.

Hapo hapo alirudi nyuma hatua mbili na kugeuza uso ukutani.

"Tayari, Padre. Mwenyewe aingie."

Paroko hakusogea mara moja. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwenyewe yumo ndani, mama."

Mama Funguo aligeuka. Paroko alikuwa ameufungua mlango, na ndani, katika kijumba kile kisichozidi kabati la dawa, siborio, kikombe chenye hostia za komunyo, ilikuwa imesimama imefunikwa kitambaa cheupe. Miaka yote alikuwa ameiona kwa mbali, kati ya vichwa vya watu. Magoti yake yalimtangulia. Alijikuta chini, kurunzi bado inawaka mkononi.

Paroko alitwaa hostia moja, akaiweka katika kichombo cha wagonjwa na kukiweka kifuani. Akaurudisha mlango, lakini bila ufunguo usingefungika.

"Nakuomba kitu," alisema. "Kaa naye mpaka nirudi. Mlango ukiwa wazi hivi, siwezi kumwacha peke yake."

"Padre, mimi?"

"Kwani una kazi?"

Alikuwa na kazi tele, vitasa vitatu vya watu vimefunguliwa mezani, lakini alisikia mdomo wake ukisema hana.

Paroko akaondoka. Msakristia alikaa dakika kumi, kisha akakumbuka kwamba hajanywa chai. Mama Funguo akabaki, benchi la kwanza kabisa, mahali ambapo hajawahi kukaa. Mwanzoni hakujua mikono aiweke wapi. Mikono ile haikuzoea kukaa bure. Alisema Baba Yetu, akasema Salamu Maria kumi, akaishiwa. Ndipo akaanza kuzungumza tu, kama anavyozungumza na mgeni aliyefika mapema kabla chakula hakijaiva. Alimweleza habari za pacha, kwamba mmoja anapenda hesabu na mwingine anapenda kulala. Alimweleza habari za mumewe, anavyorudi nyumbani na unga kwenye kope. Alimweleza habari za benchi la nyuma. Alisema, "Bwana, nimechoka kukupisha." Alipolisema hilo alilia kidogo, halafu, bila kujua kwa nini, akaanza kucheka peke yake, kicheko cha chinichini kinachotikisa mabega. Taa nyekundu iliwaka pale pembeni. Saa nzima ilipita, naye akadhani ni robo saa.

Paroko alirudi uso umekunjuka. "Amepokea. Kisha akaomba chai, na akalalamika haina sukari."

"Basi atapona," alisema Mama Funguo. Akavuta pumzi. "Padre, mimi sikomuniki."

"Najua. Viti vya nyuma ninaviona vizuri kuliko vya mbele. Nini kinawazuia?"

Alifikiri sana. "Suti."

"Suti?"

"Mume wangu anataka suti, ukumbi na muziki. Mwanamume hataki kuoa kinyonge."

"Alikwambia hivyo yeye?"

Mama Funguo alijaribu kukumbuka. La, hakuambiwa na mumewe. Aliambiwa na wifi yake.

Siku ile kibanda hakikufunguliwa tena, ila kwa ufunguo mmoja tu: aliuchonga, akaupiga tupa mpaka ukalainika, akaupeleka kanisani kabla ya adhuhuri. Kisha akaenda kwenye tanuri la mikate na kumkuta mumewe akipanga trei.

"Baba Pacha, hivi wewe ni lazima upate suti ndipo unioe?"

Mwokaji aliweka trei chini. "Suti ya nini? Si wewe uliyesema bila ukumbi na gauni la mkia hutaki?"

"Nani kakwambia?"

Walitazamana. Wote wawili wakasema kwa pamoja, "Dada yako," na "Dada yangu."

Wifi alipoulizwa jioni hakukana. Alisema yeye alimtakia mema kaka yake, na kwamba harusi ya chai na mkate ni aibu ya ukoo. "Miaka kumi na tisa, wifi yangu," alijibu Mama Funguo, "umenifungisha saumu ndefu kuliko ya watawa." Wifi alinuna siku mbili, ya tatu akaja na kitambaa cha gauni.

Ndoa ilitangazwa Jumapili tatu. Ijumaa ya mwisho walikwenda kuungama. Mwokaji alikawia ndani mpaka wifi akanong'ona, "Anahesabu kila mkate aliowahi kuunguza?" Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na hatua zake nyepesi kama za kijana.

Jumamosi, katika Misa ya asubuhi, walisema viapo mbele ya watu wapatao arobaini. Pacha walisoma masomo, yule wa kulala akasoma vizuri kumzidi mwenzake. Kisha komunyo. Mama Funguo alikuwa amelifanyia mazoezi neno moja tu, Amina, lakini paroko alipoinua hostia na kusema, "Mwili wa Kristo," sauti ilimpotea. Paroko alisubiri. Neno lilipotoka lilitoka kwa nguvu mpaka msakristia akageuka. Alipokea, akarudi kupiga magoti kando ya mumewe, wote wawili nyuso zimefunikwa viganja, mabega yanagusana.

Baadaye, wakitembea kwenda nyumbani, wifi mbele amebeba viatu vya bibi harusi vilivyombana, mwokaji aliuliza, "Ulipompokea, ulimwambia nini?"

"Nilikuwa nimepanga mengi. Nikasema karibu, basi. Na wewe?"

"Mimi nilisema asante. Halafu nikasema tena." Alimshika mkono. "Jumapili tutakaa wapi?"

"Mbele," alisema Mama Funguo, na wakakunja kona wakifuata wifi.