Utaishi, Bibi

Juzi mwanangu alinicheka nilipomsomea kitabu chake cha Kiingereza. "Mama, 'live' ni kuishi, 'leave' ni kuondoka. Hiyo ya pili unaivuta." Nikaivuta, na papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya spiriti ya wodini.

Nilikuwa darasa la tano, na nyumbani kwetu Miteja mimi ndiye niliyejua Kiingereza. Bibi alikuwa amelazwa wiki nzima, na alikuwa ameshatuusia mikorosho yake tuigawane vipi. Alasiri ile daktari wa Kizungu alimsikiliza kifua, akasema maneno machache, la mwisho akilivuta, akaenda kitanda cha pili.

"Kasemaje, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza, kaushika mkono wangu.

"Kasema utaishi, Bibi."

Alilia ndani ya kanga yake iliyonukia moshi wa kuni. "Alhamdulillahi. Basi twende, mikorosho haijapaliliwa."

Mlangoni hakuna aliyetuzuia. Sasa najua daktari alisema aondoke tu, na nakumbuka uso wake haukuwa na furaha. Bibi aliipalilia mikorosho ile misimu kumi na mmoja, na kila aliyemuuliza hali alimjibu, "Mzungu kasema nitaishi."