Bwana Amenitoa Mbali, Lakini Mbali Ni Wapi?

Kanisani kwetu Mukuyuni kuna maneno ambayo mtoto anayajua kabla hajajua kusoma. Ukipewa nafasi ya kushuhudia unasimama, unanyoosha leso, unasema: "Bwana asifiwe. Na bado asifiwe tena. Mimi nampenda Bwana kwa sababu amenitoa mbali." Watu wanaitikia amina, unaketi. Hakuna anayeuliza mbali ni wapi. Ukisema umetoka Emali watu watataka kujua ulienda kufanya nini na ulirudi na nani. Ukisema umetoka mbali, wanaridhika.

Mimi pia nilikuwa naridhika, mpaka tulipoamua kuandika kitabu.

Ilianza na mgeni. Alitoka Kitui, mhubiri aliyetambulishwa kama mwandishi wa vitabu vingi, na kweli alikuja navyo kwa boksi. Kila jalada lilikuwa na picha yake ameegemea gari. Semina ilifanyika Jumamosi, mada ilikuwa Mkristo na Kalamu. Akashika maikrofoni, akasema kila mmoja wetu amebeba kitabu ndani yake, kisha akatuagiza tumgeukie jirani tumwambie hivyo. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mzee kutoka Kalamba ambaye kanisa zima tunamwita susu, yaani nyanya. Nikamgeukia kwa utiifu.

"Susu, ndani yako kuna kitabu."

"Ndani yangu kuna vidonda vya tumbo," akasema. "Daktari aliingiza kamera. Kitabu hakukiona."

Nilicheka mpaka mzee wa kanisa akanikata jicho.

Lakini sitamponda yule mgeni kwa kila kitu. Picha za gari nimezisema, nimemaliza. Alituuliza swali moja ambalo bado linanikaa moyoni: vitabu vya Kikristo mnavyosoma, vimeandikwa na nani? Nikakumbuka kile nilichonunua Emali kwa kijana anayepanga vitabu juu ya gunia karibu na steji ya matatu. Kilikuwa kinafundisha uvumilivu kwa mfano wa mtu ambaye gari lake lilikwama kwenye theluji. Nilikisoma kiangazi, tangi limekauka, ardhi imepasuka unaweza kuingiza mkono, na mimi nimekaa kwa kigoda najifunza kumtegemea Mungu kwenye theluji. Mgeni akasema, "Mungu ametembea na nyinyi hapa Ukambani miaka yote hii. Nani ataandika? Mnangoja nani?"

Hapo alinipata. Nilirudi nyumbani moto.

Mchungaji naye alirudi moto. Jumapili iliyofuata akatangaza kwamba kanisa litatoa kitabu cha ushuhuda, kila muumini aandike wake, na mimi nitachapa. Nilichaguliwa kwa sababu nilifanya vizuri Kiswahili Fom Foo na kwa sababu nafanya kazi kwa duka la fotokopi. Nani angenilipa? Ilikuwa utumishi. Kwetu, kazi ikiitwa utumishi ujue umeshaifanya.

Karatasi zikaanza kuja. Nikachapa ya kwanza: nilikuwa mbali, Bwana akanitoa. Nikachapa ya pili: nilikuwa mbali sana, Bwana akanitoa. Kuna mmoja alianza kwa kumsalimia mchungaji, mke wa mchungaji, wazee wa kanisa na wageni wote waheshimiwa, akafika chini ya ukurasa, akaandika "kwa hayo machache, amina". Hayo machache hayakuwepo. Ilikuwa salamu na kwaheri. Nikaona tukiendelea hivi tutatoa kitabu kinene ambacho mtu akisoma ukurasa mmoja amekimaliza.

Nikaenda kwa yule mzee wa kanisa aliyenikata jicho, kwa sababu karatasi yake ilisema, "Zamani nilikuwa nakunywa vitu fulani." Nilimkuta akipiga dawa miembe yake.

"Mzee, vitu fulani ni nini?"

"Wewe unajua."

"Mimi najua. Msomaji wa Machakos hajui."

Akaweka pampu chini, akatazama kama mkewe yuko karibu. Basi akaniambia. Alikuwa amekunywa kaluvu, ile pombe yetu, siku ambayo yeye ndiye alikuwa anaongoza wazee kwenda kumposea mdogo wake mke. Akawapeleka boma ambalo siyo. Wakapokewa vizuri, wakachinjiwa, wakaongea mambo ya mbuzi mpaka jua likashuka. Ndipo mwenye boma akauliza kwa heshima, "Na nyinyi wageni wangu, mmekuja kwa ajili ya nani? Kwa sababu mimi Mungu alinipa wavulana watupu."

Nilikaa chini kwa kucheka. Yeye hakucheka.

"Yule msichana alitungoja kwao siku nzima na nguo mpya," akasema. "Babake akasema tumemdharau. Mdogo wangu hakumpata tena. Nilikuwa nikikutana na yule msichana sokoni natazama viatu vyangu. Hapo ndipo nilienda kanisani, siyo kwa sababu ya mahubiri. Nilishindwa kuinua macho."

Nilitaka kumkumbatia, lakini mzee hakumbatiwi. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo tutaandika."

"Hapana, mwana wakwa. Hiyo usiandike."

"Sasa niandike nini?"

"Andika Bwana amenitoa mbali."

Nikaenda kwa susu wa vidonda vya tumbo. Yeye hakuleta karatasi, alisema macho hayaoni, nimuandikie. Akaniambia kuhusu mwaka ambao waliomba mvua kanisani wiki baada ya wiki, wamefunga, na yeye alikuwa amechimba terasi za shamba lake kwa mikono yake, mumewe yuko Mombasa hatumi hata salamu. Mvua ikaja usiku, ikabeba terasi zote. Asubuhi susu alisimama kwenye matope mpaka hapa (akanionyesha magoti), akamtukana Mungu kwa Kikamba, kwa sauti, jirani akasikia. Kisha akakaa muda mrefu bila kuomba. Alikuwa anaenda kanisani, anaimba, lakini Mungu hamsemeshi.

"Ilikuwaje ukaanza tena kumsemesha?"

"Nilichoka kununa peke yangu. Yeye hakuwa ananuna." Akafikiri kidogo. "Na mbaazi ziliota palepale kwenye matope, zenyewe, sikupanda. Lakini hiyo usiandike. Watasema nilimtukana Mungu."

"Ulimtukana."

"Ndiyo. Wewe andika amenitoa mbali."

Niliandika amenitoa mbali. Na hasira ikanipanda kabisa, kwa sababu zamu yangu ilikuwa imebaki, na mimi nilishaamua sitaandika hivyo.

Nieleze kwa asiyejua desturi yetu. Msichana akishika mimba kabla ya harusi, kanisani kwetu anawekwa nyuma. Anaondolewa kwaya, hakaribii meza ya Bwana, anakaa benchi ya mwisho karibu na mlango mpaka azae na arudishwe mbele ya watu wote. Mimi nilishika mimba mwaka niliomaliza shule. Nikahamia kwa mlango. Aliyenipa mimba alikuwa mpiga kinanda. Yeye hakuhamia popote, kwa sababu kanisa halikuwa na mpiga kinanda mwingine. Hilo siyo tusi langu, ndilo jibu mama yangu alipewa alipouliza.

Basi Jumapili ile ya kurudishwa nilisimama mbele na mtoto mgongoni, nikasoma toba yangu. Na kama ilivyo kawaida mtu akitubu, kinanda kikapigwa polepole kwa nyuma ili watu waguswe. Alipiga vizuri sana. Akina mama wengi walilia. Mwanangu alikuwa mgongoni kwangu anacheza na nywele zangu, na babake alikuwa anatupigia muziki.

Hayo ndiyo niliandika, pamoja na kitu ambacho hakuna aliyekijua. Kwamba pale kwa mlango, nikinyonyesha, ndipo niliposhika imani kweli. Nilikuwa nimeimba kwaya miaka na sikuwahi kumsikia Mungu, kelele ilikuwa yangu. Kwa mlango nilimsikia. Nilikuwa nataka kusema hivyo tu. Nilitaka msichana mwingine akiwekwa pale apate kitu cha kusoma.

Mchungaji aliniita ofisini kabla kitabu hakijaenda kwa mpiga chapa. Ushuhuda wangu ulikuwa mezani, amepiga mstari katikati.

"Binti yangu, umeandika vizuri. Una kipawa. Lakini hapa katikati tufupishe."

"Hapa katikati ndipo penyewe, mchungaji."

"Kitabu ni cha kujenga imani, siyo cha kufungua vidonda. Kuna familia zinahusika. Weka tu, 'Nilikuwa mbali, Bwana akanirudisha.' Watu wataelewa."

"Sikuwa mbali," nikamwambia. "Nilikuwa benchi ya nyuma. Ulikuwa unaniona kutoka mimbarini."

Akavua miwani akaifuta. Nadhani kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi kwangu. Siyo mbaya. Alimzika baba yangu na hakuchoka kuja kututazama. Anaogopa tu kitabu, kama wengi wetu.

"Basi huu wako tuuweke kando kwanza," akasema. Kando kwa kanisa letu ni kama mbali, hakuna aliyewahi kupaona.

Kitabu kilizinduliwa na keki. Jalada lina picha ya mchungaji, hakuegemea gari, nampongeza, ameegemea mimbari. Kila familia ilichukua nakala. Kwa nyumba nilizoingia tangu siku hiyo kiko kwa kabati la vyombo vya wageni, bado na karatasi ya nailoni. Hakuna anayekisoma, na kwa nini asome? Anajua kilivyoandikwa. Aliandika yeye.

Nawaambia Wakristo wenzangu nikiwa na hasira hiyohiyo: andikeni. Mgeni wa Kitui alisema kweli, vitabu vyetu havijaandikwa. Msiandike vitabu vya funguo saba za kuingia popote. Andika boma ambalo siyo. Andika matusi uliyomtukania Mungu na vile hakukujibu kwa radi. Tunaogopa tukisema mbali ni wapi, Bwana ataonekana vibaya. Yeye ndiye alikuja kututoa huko, alipaona, na hakusema usiandike.

Mimi nimeanza changu. Naandika mchana, mwanangu akiwa shule, kwa kompyuta ya duka wakati hakuna wateja. Wiki iliyopita mlango ulitiwa kivuli, nikainua macho nikiwaza ni mtu wa fotokopi. Ni susu, ametoka Kalamba na mbaazi kwa mfuko.

"Ile yangu ya mvua," akasema kabla hajaketi. "Uliiandika?"

"Ulisema nisiandike, susu."

"Nilisema. Mjukuu wangu wa kike amewekwa nyuma Jumapili hii. Kwa mlango, pale pako." Akaweka mfuko juu ya mashine ya fotokopi. "Nimemtazama ibada yote. Hana kitu cha kushika. Nimekuja tuandike, yangu na yako, nimpelekee."

Nikamvutia kiti. Nikafungua ukurasa mpya. Susu akanyoosha leso yake, akakohoa, akatazama mbele kama yuko mimbarini.

"Bwana asifiwe," akaanza. "Na bado asifiwe te..."

"Susu, hapo ruka."

Akashusha leso, amepotea kidogo.

"Sasa nianzie wapi?"

"Anzia kwa matope."