Kompaila Isiyofunika Kombe

Ninyi wasomaji mna tabia mbaya. Programu ikijikokota mnaipiga kompyuta kofi, mnalaani mtandao, halafu mnanyamaza. Hamuulizi! Kuna mtu kahamishiwa meza ya simu kwa kuwatetea, na hata sura yake hamuijui.

Kazini wanamwita Mbishi. Ubishi kautoa kwa mama yake, fundi cherehani. Mama hupeleka mashati kwa jirani mwenye mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Siku moja mashine ilikufa, jirani akatoboa kwa mkono, kimya, bei ile ile, na kazi ikachelewa. Mama alimrudia na mashati begani: "Ungeniambia tu, baba! Mimi sikununua kimya chako!"

Mbishi anatengeneza kompaila, programu inayogeuza maandishi ya waandishi wa programu yawe amri za mashine. Sehemu yake ndiyo inayoamua kazi ipi ibaki kwenye prosesa ya kawaida, ubongo wa kila kompyuta, na ipi iende kwenye kadi ya kasi, inayopiga hesabu maelfu kwa mpigo mmoja. Lakini si kila kazi kadi inaiweza. Ikishindikana je? Yeye aliamua kompaila isimame, itaje mstari uliokwama na sababu yake. Mwandishi achague mwenyewe: arekebishe, au akubali kwenda polepole.

Bosi hakutaka kusikia. Kesho yake mteja mkubwa alikuwa anakuja kuona onyesho.

"Ikishindikana, irudishe kwenye prosesa kimyakimya. Majibu si yale yale?"

"Yale yale, kwa mwendo wa konokono. Na mtu kanunua kadi kwa bei ya gari."

"Dada, funika kombe mwanaharamu apite."

"Huyo mwanaharamu ndiye mteja wetu, Bosi."

Mfanyakazi wa meza ya pili alicheka mpaka chai ikampalia. Bosi hakucheka. "Toa hicho kitu leo, au kitengo hiki utakiacha."

Hakukitoa.

Kwenye onyesho, kompaila ikasimama katikati ya programu ya mteja. Maandishi mekundu kwenye skrini ya ukutani: mstari huu unaandika faili kila mzunguko wa hesabu, kadi haiwezi.

"Jamani, imekufa?" mteja akauliza.

"Haijafa," Mbishi akajibu kutoka viti vya nyuma. "Imekataa kukudanganya."

Mteja akaondoka bila kusaini mkataba. Wiki ile ile Bosi akaweka swichi ndani ya kompaila: kimya ndiyo kawaida, onyo ni kwa atakayeliwasha. Mbishi akapelekwa kupokea simu za walalamikaji.

Nyumbani mama akamtazama juu ya miwani. "Utaomba radhi?"

"Kwa lipi, mama?"

"Nilikuwa nakupima tu. Haya, kula."

Ila Bosi alijikwaa mwenyewe. Walalamikaji wanalalamikia nini kama si programu kujikokota? Sasa wote wanapita kwa Mbishi. "Pole, kaka. Fungua mipangilio, washa onyo. Endesha tena. Umeuona mstari? Basi huo ndio unaokula muda wako." Bosi akipita, anapaza sauti zaidi.

Basi wewe unayesoma: ukiambiwa programu yako inakimbia kwenye kadi, usishukuru kwanza. Uliza, "Ikishindwa, itaniambia?" Wakibabaika, piga simu. Atapokea yeye.