Kijino cha Fedha

Fundi wa bunduki wa sokoni Nizwa hamuulizi mtu habari za macho yake. Humpa kahawa kwanza, halafu humwomba amsomee bango la duka lililo mwisho wa kichochoro, kama mtu aliyelisahau tu jina la duka hilo. Vidole vyake vyeusi kwa mafuta, na kila akishapiga tupa hukipuliza kile chuma taratibu, kama anampozea mtoto chai. Siku ile baba alituendesha mwenyewe kutoka Bahla, nami njia nzima nimeng'ang'ania mlango, maana mbuzi barabarani baba alikuwa hawaoni tena, na nani wa kumwambia?

Baba alitaka kijino cha kulengea cha mbele kiwe chembamba, kama alichokuwa akiwindia zamani. Alipoombwa kusoma bango, akasifia rangi yake. Fundi akautupia jicho ufunguo wa gari uliokuwa ukining'inia kidoleni pa baba. "Kosa la bunduki hili, ami," akasema. "Nitakuwekea kijino kinene, chenye tone la fedha juu." Kilipokuwa tayari, baba akalenga komeo la mlango wa jirani. "Ala! Nakiona!" Hata mimi nikashusha pumzi. Fundi akamkabidhi bunduki kwa mikono miwili. "Usiilaze nyuma ya gari, ami, itatikisika ipoteze shabaha. Ipakate mwenyewe mpaka nyumbani." Baba akaitazama bunduki, akanitazama mimi, akanipa ufunguo. Fundi alikuwa keshainama, anapuliza chuma cha mtu mwengine.