Joistiki Nzito za Getruda

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mama yake Getruda, mkulima wa Bugwema tangu azaliwe, hakuwahi kukubaliana nao hata siku moja. Gulioni alilipima jembe kiganjani, akalirusha kidogo, akalidaka, na likiwa jepesi akalirudisha chini kwa dharau. Binti akakua na mkono huohuo. Sufuria, pasi ya mkaa, hata mchumba, Mungu amsamehe, vyote alivichagua kwa uzito, na kwa miaka mingi mkono wake haukumwangusha.

Mchumba mwenyewe alikuwa Leodgar, seremala wa Nyasura pale Bunda, mtu mnene wa vicheko. Leodgar alitengeneza mashine za gemu: kabati la mbao lenye kimo cha mtu, televisheni kifuani, na chini yake joistiki, ile fimbo fupi yenye kirungu chekundu ambayo mchezaji huishika kumpiganisha mtu wake kwenye kioo. Bodaboda walijaa kwenye kibanda chake mchana kutwa, wakitukanana kwa furaha. Halafu presha ikamchukua Leodgar, na mashine zikabaki kwa mjane. Wateja wakamwita Mama Gemu.

Siku ya kumaliza tanga ukoo ulikaa. Kwa desturi yao mjane hurithiwa, na wa kumrithi alikuwepo: Stanslaus, mdogo wa marehemu aliyeishi Bugwema, ingawa tayari alikuwa na mke, Wegesa. Getruda alisimama mbele ya wazee akasema hataki, ana kazi yake. Wakanong'onezana, wakakubali shingo upande: mashine zikiendelea kumlisha, abaki Bunda; zikifa, arudi Bugwema kwa Stanslaus. Tangu hapo, kila mashine ilipowaka asubuhi, Getruda alijua amebaki mtu wake mwenyewe kwa siku moja zaidi.

Lakini joistiki za Leodgar zilichakaa. Mpiganaji akawa anaondoka kushoto bila kutumwa, kama mlevi anayetafuta mlango. Getruda akaenda Musoma, kwenye duka la Boniphace, muuza spea. Boniphace akamwekea aina mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa nyepesi, plastiki tupu kwa kuitazama. Ukiisukuma inalia ta, ta, ukiiachia inarudi katikati yenyewe. Nyingine ilikuwa na kitako kipana cheusi, kimya, nzito hata mkono unashuka.

"Chukua hii inayolia, mama," Boniphace alisema. "Ndani ina swichi nne na springi. Wenye mashine wa hapa mjini hizi ndizo wanachukuaga."

"Na hii nzito?"

"Hiyo watu wanaipendeaga macho tu."

Mwone mwanamke huyu! Anaambiwa ukweli, na anaukataa kwa sababu umetoka kinywani mwa mwenye duka. Mama yake alimfundisha hivi: muuzaji akikusifia jembe jepesi, ujue mepesi yamemdodea. Akapima, moja mkono huu, nyingine mkono ule. Akachukua nzito za kutosha mashine zote, akapanda gari la Bunda akijiona mjanja.

Zilifungwa kabla ya Kwaresima. Pasaka haikuzikuta nzima.

Wa kwanza kusema alikuwa Mugeta, bodaboda aliyecheza hapo tangu enzi za Leodgar. "Mama Gemu, hii fimbo haisikii. Nakata kulia, jamaa anasimama tu anapigwa. Zile za mzee zilikuwaga zinaitika!" Wengine wakahamia kwingine. Mugeta aliondoka wa mwisho, tena kwa kuomba radhi, na radhi ile ilimchoma Getruda kuliko matusi.

Akafunga mlango, akachukua bisibisi ya marehemu, akafungua joistiki moja. Hakuona springi wala swichi. Aliona mpira uliopasuka, vibati laini kama vya kopo la maziwa, na chini kabisa kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, hakishiki kitu, hakisukumi kitu. Kiliwekwa kuongeza uzito tu. Mahali fulani, katika nchi asiyoijua, mtu alikaa akauwaza mkono kama wake, akautegea mtego. Akafungua ya pili, akafungua zote. Kila moja ilikuwa na chuma chake. Getruda alikaa sakafuni akalia kwa sauti, akimlilia Leodgar, akimlilia na mama yake, maana alihisi wametapeliwa wote pamoja.

Alirudi Musoma. Boniphace hakumcheka. "Zile zinazolia zimeisha, mama, na aliyekuwa anatuletea ameacha. Watu wanachezea kwenye simu siku hizi."

Stanslaus alikuja na pikapu ya kukodi, mpole, kofia mkononi. "Shemeji, twende nyumbani. Wegesa ameshakufagilia chumba." Hakumsimanga hata kidogo. Angemsimanga, Getruda angepata pa kuanzia ugomvi. Mashine zikalazwa nyuma, yeye akapanda mbele.

Walipofika Bugwema, bibi jirani aliyekuwa anaanika udaga wa muhogo aliinuka, akapunga mkono kwa furaha.

"Mke wa Stanslaus, karibu nyumbani!"

Getruda akageuka kumtafuta Wegesa. Wegesa alikuwa ndani, jikoni, akikohoa moshi. Pale uani hapakuwa na mwanamke mwingine.

"Asante, mama," akaitika.